Tukae Kwanza

Deira, Dubai
14 Juni 2003

Mke wangu Ummi,

Barua hii anakuletea Famau, aliyekuja kununua vitambaa na anarudi Mombasa kesho kutwa. Nimemwomba asiikunje sana, maana yeye hata noti huikunja ikawa kama hirizi. Mimi mzima, na joto la huku limeshaanza kutukaanga, lakini hivi ninavyokuandikia nimevaa sweta. Subiri nikuhadithie.

Wajua kazi yangu ni kubeba. Nayabeba makoti ya manyoya ya Munir kutoka ghalani hadi dukani, na kutoka dukani hadi kwa watu wa kago. Wanunuzi wetu ni Warusi. Upande huu wa uwanja wa Baniyas hata vibao vya maduka vimeandikwa kwa herufi zao. Msimu wa kununua huanza Septemba, wanachukua kwa marobota, wanakwenda kuyauza kwenye baridi yao. Anayewauzia ni Tamara, Mrusi mwenzao, lakini amesema mwisho wa mwaka anarudi kwao Omsk, na akishaondoka harudi tena.

Jana Munir akaniita. Ni Mwarabu wa Halab, hana maneno mengi. "Yalla, Nassir," akasema, "jifunze Kirusi. Tamara akiondoka, ukiweza kumuuzia Mrusi koti bila kuniita mimi, kiti ni chako. Usipoweza, khalas. Mkataba wako ukiisha Desemba sitauandika tena."

Ummi, muuzaji hupewa viza ya kuleta mke. Nimekaa huku miaka mitatu nikikwambia nitakuita, na sasa naona mlango wenyewe. Tamara amekubali kunifundisha mchana, duka likifungwa watu wakalale. Darasa letu ni chumba cha baridi cha ghorofani, yanapohifadhiwa makoti wakati wa joto. Tunakaa katikati ya manyoya huku nje lami inayeyuka. Kitabu kimeandikwa kwa ajili ya Waingereza, kwa hivyo kila neno la Kirusi hupitia Uingereza kwanza ndipo linifikie mimi wa Malindi, limeshachoka.

Niombee dua. Utakuja, inshallah.

Wako,
Nassir


Malindi
6 Julai 2003

Mume wangu Nassir,

Famau aliikunja. Ilinibidi niipige pasi ndipo nikaisoma.

Nimecheka, na nimefurahi pia, usidhani sikufurahi. Hivi nani aliyekwambia lugha ya watu hufundishwa kwa kitabu? Mimi Kiitaliano nimekiokota hapa hapa, tangu nilipokuwa nikiuza vikoi mbele ya mahoteli, na leo Mtaliano akinipigia simu hotelini huniuliza nimezaliwa mtaa gani wa Roma. Nisikilize mimi. Kwanza jua namba. Pili jua salamu. Tatu jua matusi, si ya kutukana, ni ya kujua unapotukanwa. Kisha usione haya. Mwenye haya hatoki kwenye "habari gani". Sema vibaya, wakucheke, kesho utasema vizuri.

Na usiwatafsiri. Mtu akisema neno, mtazame mikono na macho, neno litajieleza lenyewe.

Huyo Tamara ni wa umri gani? Nauliza tu.

Juzi niliota umerudi, umesimama mlangoni unapiga hodi kwa lugha nisiyoijua. Mimi nakaa ndani najiuliza kama nifungue. Nilipoamka chai ilikuwa imenimwagikia jikoni, nilisinzia nikiwa nimesimama. Wageni wa Kitaliano wanaanza kuja wiki hii, hoteli yote mbio.

Wako,
Ummi


Deira, Dubai
19 Agosti 2003

Ummi wangu,

Nimefuata mawaidha yako. Namba nazijua. Salamu nazijua. Matusi nilimuuliza Tamara, akanitazama muda mrefu, kisha akanifundisha moja tu na kuniapisha nisilitumie dukani.

Najifunza kwa kugusa. Koti la manyoya ni "shuba". Baridi ni "kholadna". Ananivalisha shuba ananiambia niseme kholadna, natetemeka kweli, nasema kweli. Maneno yao hubadilika mikia. Mimi sikustaajabu sana, kwa kuwa yetu hubadilika vichwa, mtoto, watoto, kitoto, kwa hivyo ninajua maneno hayatulii. Iko sauti moja tu inayonishinda. Haiko kwenye mdomo wetu hata kidogo, hutoka nyuma ya ulimi, na kila nikijaribu Tamara hufunika uso.

Jambo la ajabu ni ndoto. Tangu nianze kusoma, kila nikilala adhuhuri naota theluji, mimi ambaye sijapata kuiona hata kwenye friji. Jana ilikuwa ikianguka Malindi, polepole, juu ya mabati ya soko la zamani, na watu wanapita nayo mabegani wala hawaifuti. Wewe unakuja barabarani umevaa shuba nyeupe mpaka chini. Nakusemesha kwa Kirusi kisichokuwa na kosa hata moja. Unanijibu kwa Kiitaliano. Na tunaelewana, Ummi, tunaelewana mpaka tunacheka. Nikaamka sijui tulichekea nini, na siku nzima nilibeba mizigo nikijaribu kukumbuka.

Tamara ana umri kama wa shangazi yako mdogo. Umeridhika?

Famau amefika tena juzi, atakuja dukani kuichukua hii. Utakuja, Ummi. Nakuona kabisa ukija.

Nassir


Malindi
28 Septemba 2003

Nassir,

Barua yako imefika. Famau aliileta na maneno yake juu.

Ameniambia alipanda ghorofani kuichukua, akafungua mlango wa hicho chumba chenu cha baridi, akakukuta umefumba macho na huyo mwalimu amekushika mashavu kwa mikono miwili, nyuso zenu karibu. Akaufunga mlango taratibu, akaja kukungojea nje. Amenihadithia mbele ya Shangazi Hilwa, kwa hivyo sasa mtaa mzima unajua.

Mimi sikumuuliza kitu. Wala sikuulizi wewe. Endelea na masomo.

Hata mimi nina habari yangu, lakini si ya kuandika sasa.

Na usinipigie simu. Kwenye simu unajua kusema.

Ummi


Deira, Dubai
15 Oktoba 2003

Ummi, mke wangu,

Wallahi ni ile sauti. Ile inayonishinda. Tamara amechoka kufunika uso akaamua kunishika mashavu, ayavute nyuma, mdomo ukae sawasawa, na mimi nafumba macho kwa sababu naona haya. Famau akafungua mlango wakati huo huo. Angengoja kidogo tu angenisikia nikilia kama mbuzi.

Na hatukuwa peke yetu. Hapa nilificha, na nilificha kwa sababu niliahidi. Darasani tuko wawili. Mwenzangu ni Mwingereza, Bwana Gordon, injinia wa maji, mjane. Siku hiyo alikuwa amesimama nyuma ya makoti akingoja zamu yake ya kuvutwa mashavu, Famau hakumwona kwa manyoya. Bwana Gordon anataka kumwoa Tamara. Tamara amemwambia hataki posa ya Kiingereza: kama ni kweli, akamwombe kwa mama yake Omsk, na mama hajui neno lolote ila Kirusi. Walitaka jambo lisijulikane mpaka mama akubali, maana Munir asingependa darasa ligeuke posa dukani kwake.

Ungemwona Bwana Gordon ungemhurumia. Kitabu ni cha watu wake, anakisoma bila kukwama, mwandiko wake wa Kirusi ni mzuri kuliko wa Tamara mwenyewe. Lakini akifumbua mdomo, jasho. Anasema amezaliwa na lugha ambayo kiti ni kiti, kikikaliwa ni kiti na kikivunjwa ni kiti, na sasa ameletewa kiti kinachobadilika kila kinapoguswa. Tunasaidiana. Mimi namsemesha, yeye ananiandikia. Juzi katikati ya somo akaniuliza, "Nassir, mama yake akinicheka?" Nikampa mawaidha yako, kwamba asione haya. Ameyaandika nyuma ya kitabu na jina lako chini yake.

Niandikie. Hata matusi niandikie, nitayafahamu.

Nassir


Deira, Dubai
2 Januari 2004

Ummi,

Ramadhani imepita, Idi imepita, sijapata barua. Famau amekuja mara moja akanikwepa. Nimeheshimu neno lako la simu. Basi nakuandikia yaliyotokea, usome ukipenda.

Kwanza, kiti nimekipata. Mwezi uliopita aliingia mama mmoja, mnunuzi mkubwa, Tamara akajificha ghorofani makusudi na Munir akakaa nyuma ya gazeti. Nilimwamkia yule mama, nikamuuliza habari za safari, za nyumbani, za watoto, za baridi, kwa mpango wetu wa kuamkiana wa Kimalindi lakini kwa Kirusi. Mama akashangaa, akasema hakuna aliyemuuliza hayo tangu atue Dubai. Akakaa mpaka alasiri, na akanunua. Munir alikunja gazeti akasema "khalas", na mkataba umeandikwa. Nilipotoka nje na karatasi mkononi sikuwa na wa kumwambia.

Pili, Tamara ameondoka juzi, na Bwana Gordon kamfuata kwenda kumwona mama. Na mimi siku hiyo nilifanya kosa ambalo silisahau.

Masanduku yalikuwa yameshafungwa na kupakiwa garini huko chini, na sisi tumo kwenye chumba cha baridi. Ghafla Tamara akakaa juu ya robota. Bwana Gordon akakaa kwenye stuli. Munir naye akakaa, wote kimya, hata hawatazamani. Ummi, wewe watujua. Mgeni akae kimya mbele yako na wewe umtazame tu? Nilidhani anaumwa, au tumemuudhi. Nikaanza kwa Kirusi changu bora: Tamara, nikuletee maji? Mama hajambo? Ndege ni saa ngapi? Utakula nini njiani? Tamara akajishika kichwa. Bwana Gordon akaniwekea kidole mdomoni.

Kumbe ndiyo desturi yao. Mtu anayesafiri, kila kitu kikiwa tayari na mlango wazi, yeye na wanaobaki hukaa kidogo pamoja bila kusema neno. Ndipo huinuka akaenda. Akisema mtu, imeharibika. Tamara hakukubali kuondoka na safari iliyoharibika. Tulishuka tukayatoa masanduku garini, tukayapandisha ngazi yote, tukayaweka pale pale yalipokuwa, tukakaa upya. Dereva alidhani tumerukwa na akili.

Safari hii nilinyamaza. Nikasikia mashine ya ubaridi. Nikaona makoti yametundikwa yanatikisika kidogo, kama yanapumua. Na katikati ya kimya kile nikajiona niko uani kwenu, asubuhi ile ya kuondoka kwangu. Unakumbuka kelele? Mama yako na udi wake, Shangazi Hilwa na maagizo, Famau nje anapiga honi, jirani ananituma nimnunulie saa. Niliwapa mkono watu wote. Wewe nilikupa ufunguo wa kabati nikakwambia "nitakuita", nikatoka. Sikumbuki uso wako siku ile. Nimeutafuta, haupo. Tuliachana katikati ya maneno ya watu.

Tamara aliinuka, tukainuka, akaenda. Mimi nikarudi juu nikakaa tena peke yangu.

Miaka yote hii nakwambia utakuja, utakuja. Leo ninayo ruhusa ya kukuleta, na nimegundua sijapata kukuuliza. Kwa hivyo nakuuliza kwa lugha yetu, isiyohitaji kushikwa mashavu: wewe Ummi, wataka nini? Hata ukisema hutaki kuja, niambie. Nitaumia, lakini nitakuwa nimekusikia.

Nassir


Malindi
8 Februari 2004

Mume wangu Nassir,

Nimeisoma barua yako nikiwa mapokezi, Mtaliano mmoja ananigongea kengele, na mimi nimeinamia meza nafuta machozi kwa karatasi ya bili yake.

Sasa nikwambie ile habari yangu. Tangu Septemba mimi ndiye mkuu wa mapokezi hapa hotelini. Nina meza yangu, nina vijana chini yangu, mwenye hoteli haamui chumba bila kuniuliza. Siku niliyopewa nilitaka kukuandikia hapo hapo. Kisha nikaona barua yako ya theluji, utakuja, nakuona ukija, nikawa kama shuba iliyoshafungwa kwenye robota inangoja kago tu. Nikaogopa. Nilijua ukisikia utaniambia niache kazi, na nilijua nikiacha nitakuja huko nikae chumbani nikikungoja utoke kusemesha Warusi. Na nisipoacha, watu wangesema nimemkataa mume kwa ajili ya meza.

Hapo ndipo akaja Famau na mashavu yake. Wivu niliona, sikufichi. Siku mbili sikula. Barua yako ya Mwingereza ilipofika nilikuamini, hata Shangazi Hilwa alikuamini, na kusema kweli tulicheka. Lakini sikujibu. Ule wivu ulinipa ruhusa ya kunyamaza, nikaona heri nikuache udhani nimekasirika kuliko nikwambie naogopa. Nimekutesa bure, nisamehe.

Umeniuliza nataka nini. Hakuna aliyepata kuniuliza, nikakaa na swali lako wiki nzima kama mgeni nisiyejua nimpe nini.

Nakutaka wewe. Naitaka na meza yangu. Sikiliza: masika Wataliano hurudi kwao, hoteli hufungwa mpaka Julai, na mimi huwa nakaa nikihesabu mvua. Masika haya nitakuja kwako. Ikifika kwenu wakati wa joto na duka limelala, Munir akupe likizo uje wewe. Tuone mwaka mmoja unavyokwenda. Ukiona ni kidogo, niambie, tutatafuta njia nyingine. Ila tusiamuliane tena.

Uso wangu siku ile ulikuwa umevimba kwa kulia. Ni bora hukuuona.

Wako,
Ummi


Deira, Dubai
11 Machi 2004

Ummi,

Ndiyo. Ndiyo kwa yote. Munir alikuna ndevu, akasema hajapata kusikia mke wa msimu, kisha akasema mbona hata makoti yana msimu wake. Viza imo humu ndani. Nimepata chumba Al Rigga, dirisha linatazama mti mmoja na kibao cha hoteli kinachowaka waridi.

Bwana Gordon ameandika. Mama alimcheka sana, kisha akamkatia mkate. Harusi ni Juni.

Nimenunua kitabu cha Kiitaliano. Nacho ni cha Waingereza. Hivi katika ndoto yangu ile ulikuwa ukisema nini? Nataka kujua nilichekea nini.

Nassir


Malindi
9 Aprili 2004

Nassir,

Barua hii sitaitia posta wala sitampa Famau aikunje. Nitaishika mwenyewe nikukabidhi, kwa hivyo unapoisoma niko mbele yako.

Sasa ni asubuhi na sanduku limefungwa. Uani kumejaa, kama siku yako. Udi unafuka, jirani ananituma saa, Famau anapiga honi na Shangazi Hilwa ananiagiza nisile chakula cha ndegeni. Nikawaambia wote, tafadhali, kaeni. Mama akauliza kuna nini. Nikasema, kaeni tu, ni mambo ya watu wa Nassir. Wakakaa, kwenye mkeka, kwenye kizingiti, Famau kwenye ndoo. Mimi nikakaa juu ya sanduku. Nikaweka kidole mdomoni.

Nassir, walinyamaza. Shangazi Hilwa alinyamaza! Mvua ilikuwa ikianza, laini, juu ya mabati, haisikiki vizuri, nikafumba macho nikaona labda hivyo ndivyo theluji inavyoanguka. Ndoto yako ikanirudia kama nimeiota mimi. Nadhani hatukuwa tumesema lolote la kuchekesha. Tulikuwa tumeonana tu.

Naandika haya nikiwa bado juu ya sanduku, na sasa nasikia wanaanza kunong'ona, lazima niende.

Ombi langu ni moja. Najua hao Warusi hukaa wakati wa kuondoka. Lakini wewe na mimi ile ya siku uliyoondoka hatukuikaa, na nimeichukua nimekuja nayo. Kwa hivyo ukimaliza kusoma hapa usiniamkie, si kwa Kiswahili, si kwa Kirusi, wala kwa hicho Kiitaliano chako cha Waingereza. Usiniulize habari za safari. Sanduku langu liweke chini, kubwa linatutosha wawili. Kaa. Nitazame uso.

Ummi